Kwenda Annapurna kwa ajili ya wanawake: maandalizi yanayosahaulika

Agosti 1978 wanawake 13 waliondoka San Francisco, Marekani, kuelekea Nepal. Walikuwa wakienda kupanda Annapurna, mlima wa kumi kwa urefu duniani, wenye mita 8,091, ambao hadi wakati huo hakuna mwanamke wala Mmarekani aliyewahi kukanyaga kilele chake. Safari ilihitaji takriban dola 80,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na fulana. Kifuani ziliandikwa kwamba mahali pa mwanamke ni kileleni, na zaidi ya fulana 10,000 zikapata wanunuzi.

Kiongozi wao, Arlene Blum, alikuwa mkemia. Miaka michache kabla ya hapo alipotaka kujiunga na msafara wa kwenda mlima Denali, Alaska, alijibiwa kwamba wanawake wanakaribishwa mwisho kambi ya chini, wakasaidie kupika. Mwaka 1970 akaupanda Denali pamoja na wanawake wenzake watano, bila mwanamume hata mmoja. Kwa hiyo Annapurna haikuwa matembezi kwake, ilikuwa jibu.

Tarehe 15 Oktoba 1978 Irene Miller na Vera Komarkova walifika kileleni wakiwa na Masherpa wawili, Mingma Tshering na Chewang Ringjing. Siku mbili baadaye wenzao wawili, Vera Watson na Alison Chadwick-Onyszkiewicz, walipoteza maisha wakiwa njiani kujaribu kufika. Msafara ulirudi nyumbani na historia mkononi na msiba moyoni.

Ukiyatazama tena majina manne ya waliofika kileleni, utaona kitu. Wanawake wote wawili ni wageni, na wenyeji wote wawili ni wanaume. Mwanamke wa Nepal hayumo. Blum na wenzake hawastahili kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa kazi ya milimani nchini Nepal enzi hizo ilikuwa ya wanaume na karibu kila mtu aliiona hivyo. Ilipita miaka 15 kabla Pasang Lhamu Sherpa hajawa mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, tarehe 22 Aprili 1993, katika jaribio lake la nne. Alifariki akiwa anashuka.

Leo safari za milimani zinazofanywa kwa jina la wanawake zimekuwa nyingi. Makundi hutoka Uingereza, Australia, Marekani na kwingineko kwenda Nepal, Peru, Morocco na, bila shaka, Tanzania. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa ameyaona makundi hayo kwenye lango la Machame na Marangu yakiwa na mabango yao, na anaifahamu Kili Challenge ambayo Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiiandaa tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Jipya ni kwamba wanawake wa Afrika nao sasa wanafunga mizigo kwenda milima ya wenzao. Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia anayeishi Afrika Kusini, alifika kilele cha Everest tarehe 16 Mei 2019, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, baada ya majaribio matatu yaliyokwama, huku akitumia safari zake kuchangisha fedha za elimu ya watoto. Mtanzania Rawan Dakik akafika Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 20.

Wengi wanaojiandaa kwa safari ya namna hii huanzia kwenye viatu. Kisha hufuata koti, mfuko wa kulalia, dawa na mazoezi. Yote hayo ni ya lazima, na makala haya yatayafikia. Lakini kama safari imebeba jina la wanawake, kuna maandalizi yanayotangulia viatu: kujua nani atakayekuongoza, nani atakayebeba mzigo wako, na shilingi iliyochangwa itaishia mfukoni mwa nani. Kundi linaloweza kujibu hayo limeshafanya nusu ya kazi iliyowatoa nyumbani hata kabla ya kupanda ndege.

Dada watatu wa Pokhara

Pokhara ni mji wa ziwa katikati ya Nepal, chini kidogo ya mita 900, na ndiyo mlango wa kwenda Annapurna. Hapo ndipo dada watatu, Lucky, Dicky na Nicky Chhetri, walipofungua nyumba ya wageni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wageni wa kike waliolala kwao walirudi kutoka milimani na malalamiko yaleyale: mwongozaji alilewa, mwongozaji alimshika mgeni bila ridhaa, mwongozaji aligonga mlango usiku. Dada hao waliyasikia mara nyingi kiasi cha kuamua kuziba pengo wenyewe. Mwaka 1994 wakaanza kuwaongoza wanawake milimani.

Haikupokelewa vizuri. Katika jamii ambayo binti hakutarajiwa kulala nje ya nyumba ya wazazi au ya mume, kazi ya kuzunguka milimani na wageni kwa siku 10 ilitia doa jina la familia. Na wanaume waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo hawakufurahia kuona washindani wapya. Dada hao wakaendelea, na mwaka 1999 wakaanzisha shirika la kuwafunza wanawake wengine, linalojulikana kama Empowering Women of Nepal. Mafunzo hutolewa bure: Kiingereza, huduma ya kwanza, jiografia na mazingira, jinsi ya kuongoza kundi, na kupanda miamba kwa kamba. Baada ya darasa, mwanafunzi hupelekwa njiani pamoja na wazoefu na kulipwa kwa kazi yake.

Kinachopendeza katika mpango huu ni kwamba fedha ya mgeni hufika kwa mwanamke kama ujira. Hakuna anayepiga foleni kupokea msaada. Binti anayetoka wilaya za magharibi mwa nchi, ambako kipato ni kidogo na ndoa za mapema ni za kawaida, hurudi kijijini na mshahara, cheti na lugha ya kigeni. Ukitaka kuona uwezeshaji wa wanawake unafananaje pasipo hotuba, uko pale. Mgeni aliyekuja kupanda mlima kwa ajili ya wanawake anaweza kuutimiza kwa uamuzi mmoja tu wa nani wa kumwajiri.

Uamuzi huo umekuwa na uzito zaidi tangu Aprili 2023, Nepal ilipoanza kutumia kanuni kwamba mtalii wa kigeni anayekwenda kwenye njia za milimani anatakiwa awe na mwongozaji mwenye leseni. Utekelezaji umetofautiana kati ya eneo na eneo, ila sababu zake zinaeleweka. Oktoba 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud yalimwaga theluji nzito kwenye kivuko cha Thorong La, mita 5,416, na watu wasiopungua 43 wakafa katika eneo hilo, wakiwamo wageni na Wanepali waliokuwa wakiwahudumia. Mwongozaji anayejua kusoma mawingu na kusema "leo hatuendi" ana thamani kuliko kifaa chochote kilichomo begini.

Fedha ya mchango ina mwenyewe

Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi Dar es Salaam au wa harambee Nairobi anajua kwamba swali gumu halihusu kukusanya. Linahusu hesabu. Safari za hisani zina mtego wake hapa. Nchini Uingereza, kwa mfano, mpango uliozoeleka ni kwamba mshiriki hulipa ada ya kujiandikisha kisha huahidi kukusanya kiwango fulani kutoka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake. Sehemu ya kiwango hicho mara nyingi hulipia tiketi, vyumba na chakula cha mshiriki mwenyewe. Si wizi, kwa kuwa huandikwa kwenye masharti. Tatizo ni kwamba bibi aliyetoa mchango wake huenda hakuyasoma masharti hayo.

Njia safi ni moja: msafiri ajilipie safari yake yote, na kila senti ya mchango iende kwenye shabaha iliyotangazwa. Kama hilo haliwezekani, wachangiaji waambiwe tangu siku ya kwanza, kwenye tangazo lenyewe lenye namba ya M-Pesa, ni kiasi gani kitakwenda wapi. Kundi la WhatsApp linalotuma picha za mazoezi kila Jumamosi linaweza pia kutuma hesabu kila mwisho wa mwezi. Wanaochangia hawatachoka kuisoma.

Mambo mengine ya fedha ni mepesi zaidi. Viza ya Nepal ya siku 30 hutolewa uwanja wa ndege wa Kathmandu kwa dola 50 kwa raia wa nchi nyingi, ingawa baadhi ya nchi za Afrika hazimo, hivyo ni vizuri kuuliza ubalozi mapema. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Kibali cha kuingia hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 za Nepal kwa mgeni. Bima ndiyo isiyofaa kubaniwa. Ihakikishwe kwamba inalipia helikopta na inataja urefu wa mita utakaofika, kwa sababu bima nyingi za kawaida za safari huishia chini ya hapo.

Mwili wa mtu wa pwani kwenye hewa nyembamba

Desemba 2010 Martina Navratilova, bingwa wa tenisi aliyeshinda Wimbledon mara tisa katika mchezo wa mmoja mmoja, alikuwa Kilimanjaro akichangisha fedha za hisani. Alikuwa na umri wa miaka 54 na mwenye afya ambayo vijana wengi wangeitamani. Siku ya nne, akiwa kwenye mita 4,500 hivi, mapafu yake yalianza kujaa maji. Wapagazi wakamteremsha kwa machela na akapelekwa hospitali Nairobi, ambako alipona.

Wanaojiandaa wanapaswa kukijua kisa hicho, kwa kuwa misuli na mwinuko ni mambo mawili tofauti. Mazoezi hukupa miguu. Hayaupi mwili ruhusa ya kupanda haraka. Kwenye mita 5,500 kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni ya ufukweni, na mwili huhitaji siku kadhaa kujipanga upya. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali unapolala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike.

Chukua njia ya kambi ya chini ya Annapurna, ambayo ndiyo huchaguliwa na makundi mengi ya hisani. Kutoka kijiji cha Chhomrong, mita 2,170, njia hushuka na kupanda hadi Bamboo, kisha Deurali kwenye mita 3,230. Kutoka Deurali kuna wanaonyoosha hadi kambi ya chini, mita 4,130, kwa siku moja ili kuokoa muda. Hiyo ni mita 900, karibu mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa, na usiku huo ndio kichwa huuma, chakula hakipiti na usingizi hauji. Kundi lenye busara hulala kwanza kwenye kambi ya Machapuchare, mita 3,700. Siku hiyo ya ziada iwekwe kwenye ratiba wakati bado mko nyumbani, kwa kuwa mkishafika kule hamu ya kufika hushinda hesabu.

Kuna dawa ya acetazolamide, maarufu kwa jina la Diamox, ambayo husaidia mwili kuzoea. Wengi hupewa miligramu 125 asubuhi na jioni, wakianza siku moja kabla ya kupanda. Itumike kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa au mjamzito. Anayeanza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa yake ya kwanza ni kushuka, usiku huohuo.

Kuhusu miguu, Annapurna ina ngazi. Ngazi za mawe, zilizojengwa na wanakijiji, na kutoka Tikhedhunga hadi Ulleri peke yake zinazidi 3,000. Mkazi wa Dar es Salaam asiye na mlima karibu anaweza kuzizoea kwenye jengo refu la ofisi: apande ghorofa zote akiwa na begi la kilo sita, ashuke, apande tena. Asiache kushuka kwa kutumia lifti, kwa kuwa magoti huumia zaidi kwenye kushuka. Mwisho wa wiki kuna milima ya Uluguru kwa aliye karibu na Morogoro, na kwa wa Nairobi kuna vilima vya Ngong na Longonot, wenye mita 2,776. Miezi minne hadi mitano ya utaratibu huo, siku tatu au nne kwa wiki, humtosha mtu mwenye afya ya kawaida. Aliye na nafasi ya kupanda Meru, mita 4,566, atajua mwili wake unavyoitikia mwinuko kabla hajalipia tiketi ya kwenda Kathmandu.

Mwili wa mwanamke una mahitaji yake, na vitabu vingi vya upandaji huyapita kimya. La kwanza ni damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake wa ukanda wetu, na mwili usio na madini ya chuma ya kutosha hushindwa kutengeneza chembe za kubeba oksijeni ambazo mlima unazidai. Kupima wingi wa damu miezi mitatu kabla ya safari ni gharama ndogo, na hutoa muda wa kurekebisha kwa chakula au vidonge. La pili ni hedhi, ambayo huweza kubadilika au kuja ghafla kwa sababu ya uchovu na mwinuko hata kwa ambaye haikuwa zamu yake. Pedi zibebwe kwa wingi kuliko inavyodhaniwa, pamoja na mifuko ya kufungia zilizotumika, kwa sababu kule juu hakuna pa kuzitupa. Zirudi Pokhara na mwenyewe.

Ni jambo dogo linaloonyesha kwa nini mwongozaji wa kike ana maana. Magharibi mwa Nepal kumekuwa na desturi ya kumtenga mwanamke aliye kwenye hedhi katika kibanda nje ya nyumba, ambako baadhi wamekufa kwa baridi, moshi na kuumwa na nyoka. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku mwaka 2005, na tangu 2018 anayemlazimisha mwanamke kulala humo anaweza kufungwa. Katika nchi yenye historia hiyo, msichana anayesimama mbele ya kundi la wageni na kueleza bila haya choo kiko wapi, pedi zihifadhiwe vipi na nani anahitaji kupumzika leo, anafanya kazi kubwa kuliko kuonyesha njia.

Vifaa visimtishe mtu. Memorial pale Moshi, Gikomba na Toi kule Nairobi, huuza makoti na viatu vya mtumba ambavyo vimeshapanda milima mingi, na Thamel, mtaa wa watalii wa Kathmandu, una maduka mengi ya kuuza na kukodisha mifuko ya kulalia. Kimoja tu kinunuliwe mapema: viatu. Vivaliwe kazini, sokoni na kwenye ngazi, mpaka mguu uvisahau. Na kucha za miguu zikatwe fupi kabla ya safari, la sivyo zitakuwa nyeusi siku ya kwanza ya kushuka.

Mzigo uko mgongoni mwa nani?

Wapagazi wa Nepal hubeba kapu au mabegi kwa mshipi unaopita kwenye paji la uso, kama akina mama wa Kikuyu walivyobeba kuni. Shingo hufanya kazi ya mgongo. Mwongozo wa watetezi wa wapagazi umeweka ukomo wa kilo 30 kwa mtu nchini Nepal, ambazo bado ni nyingi mno kwa yeyote aliyewahi kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 na kuukadiria. Kilimanjaro ukomo ni kilo 20, na tangu 2003 mradi wa KPAP wenye ofisi Moshi umekuwa ukifuatilia kama wagumu, kama wapagazi wetu wanavyojiita, wanalipwa, wanalishwa na wanalala mahali pa kustahili.

Safari inayodai kuwainua wanawake huku ikimpakia mtu mzigo wa kumvunja shingo imejikana yenyewe. Kwa hiyo kila msafiri aweke begi lake kwenye mizani nyumbani. Kilo 10 zinatosha kabisa kwa siku 10 za njia ya nyumba za wageni, ambako blanketi lipo na chakula kinapikwa. Halafu yaulizwe maswali ambayo mawakala wengi hawajayazoea: mpagazi ana bima? Ana viatu na koti? Wapagazi wa kike wana chumba chao, au wanalazwa sebuleni na wanaume? Swali hilo la mwisho linaihusu Kilimanjaro pia. Wanawake wanaobeba mizigo huko bado ni wachache, na hema la pamoja ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wengine wasije, au waje mara moja na wasirudi.

Kuna pia adabu ya kijijini. Katika vijiji vya Wagurung kama Ghandruk kuna vikundi vya akina mama viitwavyo Aama Samuha, vyenye sura ambayo mwanachama wa VICOBA ataitambua mara moja. Hukusanya fedha, hukarabati njia, huokota taka, hupambana na ulevi, na jioni nyingine huimba na kucheza mbele ya wageni kisha kupitisha sinia la mchango. Kinachopatikana hugawiwa kwa uamuzi wao: shule, njia, zahanati. Hifadhi ya Annapurna, iliyoanzishwa 1986, imefanya kazi na vikundi hivi kwa miaka mingi. Mgeni anayetaka kuacha kitu aweke kwenye sinia hilo, kuliko kugawa peremende na kalamu kwa watoto njiani. Watoto waliozoea peremende hukaa njiani badala ya darasani, na mama zao ndio wanaobaki na tatizo hilo wageni wakishaondoka.

Njia hii ya wageni kwenda Nepal ina uelekeo wa pili, na unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2008 wanawake kumi wa Nepal kutoka makabila na hali mbalimbali walipanda Everest, na wote kumi wakafika kileleni. Saba kati yao, wakiongozwa na Shailee Basnet, wakaamua kupanda mlima mrefu kuliko yote katika kila bara. Machi 2013 walikuja Kilimanjaro. Wangeweza kupanda wenyewe, wakapiga picha na kuondoka. Badala yake, kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, walipanda pamoja na Watanzania wawili, Ashura Kayupayupa na Anna Philipo Indaya wa jamii ya Wahadzabe, na mwigizaji wa Afrika Kusini Hlubi Mboya. Mmoja wa Wanepali hao, Nimdoma Sherpa, alikuwa mtoto wa shule aliyelishwa na mpango huohuo wa WFP. Alipofika Everest alikuwa na miaka 17. Hapo mgeni na mwenyeji walikuwa kwenye kamba moja, na majina ya wenyeji yakaandikwa pamoja na ya wageni.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2016, mamia ya wanawake wa vijijini kutoka nchi zaidi ya 20 za Afrika walikutana Arusha kudai haki ya kumiliki ardhi. Walikuwa wakulima na wafugaji. Baadhi yao wakapanda Kilimanjaro, na madai yao yakaandikwa kwenye hati iliyokabidhiwa kwa Umoja wa Afrika. Hawakuupanda mlima ili mtu mwingine awachangie. Walikuwa wenye hoja, na wapandaji walikuwa wao wenyewe. Kati ya safari zote zilizotajwa hapa, hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi kile ambacho fulana za 1978 zilikuwa zikidai.

Kwa anayefikiria Annapurna, msimu bora ni Oktoba na Novemba, mvua za masika ya kule zikiwa zimekatika, au Machi na Aprili, maua ya mirododendro yakiwa yamechanua kwenye misitu ya Ghorepani. Anayelenga Oktoba aanze ngazi mwezi Mei, na aandikie Pokhara mapema zaidi ya hapo, kwa sababu waongozaji wa kike bado ni wachache na msimu ukikaribia huwa wameshachukuliwa. Na kampuni za Moshi na Arusha zinazopokea makundi ya kigeni yenye mabango ya kuwainua wanawake ziwe na jibu tayari mgeni atakapouliza ni wanawake wangapi wamo kwenye msafara wake, wanalipwa kiasi gani na watalala hema gani.